Kabla hujalala chini ya lesa: mwongozo wa upasuaji wa kuondoa miwani kwa sisi wa Kisumu na magharibi

Shule zilipofungwa Desemba, tulipanda basi la Nairobi tukiwa wawili, mimi na shemeji yangu, mke wa kaka. Sote tulikuwa tumevaa miwani tangu utotoni, na sote tulikuwa tumeweka pesa kwenye chama kwa miaka miwili kwa ajili ya safari hiyo. Nilirudi Kisumu bila miwani. Yeye alirudi na miwani yake ileile, na karatasi moja ya rangirangi aliyoikunja ndani ya Biblia. Miaka minne imepita, na nikiulizwa ni nani kati yetu aliyebahatika zaidi safari ile, namtaja yeye. Nitaeleza kwa nini nikifika kwenye vipimo.

Walimu wenzangu huniuliza kama lesa ni salama. Kwa jicho linalofaa, lililopimwa vizuri, madhara makubwa ni nadra. Kwa jicho lisilofaa, mashine ileile na daktari yuleyule wanaweza kukuachia tatizo ambalo miwani haitalirekebisha tena. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini ni za kabla ya upasuaji.

Hatua ya 1: Jua unazungumzia lesa ipi

Huku kwetu neno "lesa" kila mtu analitumia kwa lake. Mzee mwenye mtoto wa jicho huambiwa na jirani aende "akapigwe lesa". Mtoto wa jicho ni lenzi ya ndani iliyopata ukungu. Huondolewa kwa kuitoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia, na kazi hiyo hufanywa hapahapa magharibi, kwa mfano katika hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga. Mwenye ugonjwa wa sukari anaweza kupigwa lesa kwenye retina, nyuma ya jicho, ili kuzuia mishipa inayovuja. Mwenye presha ya macho naye ana lesa yake. Hizo ni tiba za ugonjwa. Daktari akikuambia unazihitaji, nenda mapema, wala usikae nyumbani kwa sababu ya hofu utakayoipata ukisoma mwongozo huu.

Ninayoizungumzia ni lesa ya kuondoa miwani. Inachonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ili mwanga utue mahali pake kwenye retina. Inasaidia wasioona mbali, baadhi ya wasioona karibu, na wenye astigmatizimu, yaani konea isiyo na mviringo sawa pande zote.

Mwale wenyewe kwa kawaida ni wa urujuanimno (ultraviolet), wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, na hauchomi kama moto. Mwaka 1981 wanasayansi wa IBM, akiwemo Rangaswamy Srinivasan, waliujaribu kwenye mabaki ya bata mzinga wa sikukuu na wakaona unaondoa tabaka jembamba sana bila kuunguza nyama ya pembeni. Marekani iliruhusu utumike kurekebisha macho ya watu mwaka 1995. Kwa hiyo si jambo la majaribio.

Shika hili moja kabla ya kuendelea: kama miwani inakutosha, huna dharura. Una muda wa kuuliza, wa kungoja, hata wa kukataa. Kliniki ya kwanza tuliyoingia ilitutaka tulipe wote wawili kabla ya Ijumaa ili tupunguziwe, na wakati huo hakuna aliyekuwa ametuwekea kidevu kwenye mashine yoyote. Tulishukuru, tukatoka.

Hatua ya 2: Angalia kama wakati wako umefika

Uwe umetimiza angalau miaka 18, na madaktari wengi hupenda ungoje hadi 21 au zaidi. Namba ya miwani yako iwe imetulia kwa mwaka mmoja au zaidi, maana yake isisogee kupita nusu daiopta, kile kipimo cha nguvu ya lenzi. Tafuta karatasi zako za zamani za duka la miwani. Kama huna, pima sasa, kisha rudi mwakani. Kijana wa kidato cha nne ambaye namba yake inapanda kila mwaka akichongwa leo, jicho litaendelea kubadilika na atarudi kwenye miwani.

Mama mjamzito au anayenyonyesha angoje, kwa sababu homoni hubadilisha jicho na namba inayopimwa wakati huo haiaminiki.

Uliyekaribia miaka 40 au umeipita, sikiliza vizuri. Kuna siku utaanza kusogeza simu mbali ili usome ujumbe. Hilo linatokana na lenzi ya ndani kukakamaa kwa umri, na kuchonga konea hakulizuii. Asiyeona mbali akivua miwani yake leo anasoma vizuri kwa karibu. Akirekebishwa aone mbali, miwani ya kusomea itamngoja. Wengine hurekebishwa jicho moja la mbali na jingine la karibu. Kama unapendezwa na hilo, omba kwanza ujaribishwe kwa kontakti lenzi siku kadhaa, kwani si kila mtu anayezoea.

Hatua ya 3: Taja magonjwa na dawa zako zote

Andika nyumbani, usitegemee kukumbuka ukiwa mbele ya daktari. Sukari. Ugonjwa wa baridi yabisi wa rumatoidi, lupasi, na hali yoyote inayoshusha kinga ya mwili. Haya huvuruga kupona kwa kidonda cha konea au huongeza hatari ya maambukizi. Taja ukiwahi kupata malengelenge ya hapesi jichoni, maana lesa inaweza kuyaamsha. Taja dawa za chunusi za isotretinoini. Taja presha ya macho, yako au ya wazazi. Kama ngozi yako hufanya makovu makubwa ya keloidi, sema pia.

Najua baadhi ya mambo haya ni mazito kuyasema mbele ya mtu usiyemjua. Omba mlango ufungwe, kisha uyaseme. Daktari hawezi kukulinda na jambo ulilomficha.

Sema pia kama macho yako huwasha. Wengi wetu tumekulia kwenye vumbi, tukiamka na macho mekundu na kuyasugua kutwa. Tukaambiwa ni kitu kidogo.

Hatua ya 4: Vua kontakti lenzi mapema

Kontakti lenzi hubonyeza konea na kubadilisha umbo lake. Laini zivuliwe kama wiki mbili kabla ya vipimo, ngumu wiki tatu au nne au zaidi, kadiri utakavyoelekezwa. Vaa miwani kipindi hicho chote. Ukipimwa ukiwa umezivua asubuhi hiyo, kinachopimwa ni alama ya lenzi.

Hatua ya 5: Vipimo

Hapa usimbembeleze mtu wala usikubali njia ya mkato. Tenga siku nzima, kwa sababu utawekewa matone ya kupanua mboni na hutaona vizuri kwa saa kadhaa. Nenda na kofia au miwani ya jua, na mtu wa kukushika mkono kuvuka barabara.

Hakikisha umefanyiwa yafuatayo: namba ya miwani kabla na baada ya matone ya kupanua mboni, presha ya jicho, wingi na ubora wa machozi, ukubwa wa mboni gizani, ukaguzi wa retina, unene wa konea, na ramani ya konea, mbele na nyuma. Ukiona mawili ya mwisho hayapo, ondoka.

Unene kwanza. Konea ya kawaida ina mikroni 540 hivi katikati, na mikroni 1,000 ndizo milimita moja. Kwenye LASIK, njia mojawapo nitakayoieleza hatua ya 6, daktari hufunua kwanza tabaka la juu la mikroni kama 110, kisha lesa huondoa takriban 15 kwa kila daiopta moja. Chukua mtu wa namba -6. Ukitoa 110 za tabaka la juu na 90 za kuchongwa kwenye 540, zinabaki 340. Madaktari hawataki kibaki chini ya 250, na wengi siku hizi wanataka 300. Sasa mchukue mwenye konea ya 490 na namba -8. Toa 110, toa 120, zinabaki 260. Huyo asikubali kirahisi, hata akiambiwa "inawezekana". Omba namba zako, ufanye hesabu hii mwenyewe kwenye simu, kisha umwonyeshe daktari. Daktari mzuri atafurahi.

Unene peke yake hautoshi, na hilo nilifundishwa na shemeji yangu. Konea zake zilikuwa nene kuliko zangu. Tulikaa kwenye benchi tumeshika karatasi zetu mbili za ramani, tukalinganisha kama wanafunzi wanaolinganisha majibu. Yangu ilikuwa na rangi zilizokaa kama tai ya shingo iliyofungwa kipepeo, juu sawa na chini. Yake ilikuwa ya kijani juu, na upande wa chini palikuwa na doa jekundu, kama mtu amebonyeza kidole kwenye unga. Daktari aliliwekea kalamu hilo doa na kumuuliza, "Mama, ulikuwa ukisugua macho sana utotoni?" Alikuwa akiyasugua kwa ngumi, tangu yuko darasa la tatu kule Mumias.

Ule ulikuwa mwanzo wa keratokonasi, ugonjwa ambao konea hukonda na kuchomoza mbele kama ncha ya yai. Kuichonga konea ya namna hiyo ni kuondoa tofali kwenye ukuta unaoegemea. Huendelea kutuna, uoni ukapotea, na wengine huishia kuhitaji konea ya mtu mwingine. Siku ile alilia sana, akadhani ameibiwa nafasi yake. Lakini alifanyiwa tiba ya kuikaza konea kwa matone ya vitamini B2 na mwanga wa urujuanimno. Hadi leo ramani yake haijasogea, na ana miwani inayomwezesha kuona ubao wote. Ile kliniki ya ofa ingemchonga. Hilo bado linanikosesha usingizi.

Kama kuna mtu wa damu yako mwenye keratokonasi, mwambie daktari, kwani huenda katika familia.

Hatua ya 6: Chagua njia inayofaa maisha yako

LASIK hufunua tabaka la konea kama ukurasa, huchonga chini yake na kulirudisha. Uoni huja haraka, mara nyingi kesho yake, na maumivu ni kidogo. Lakini ukurasa ule hauungi kabisa kama mwanzo, na kipigo kizito kinaweza kuusogeza hata baada ya miaka.

PRK haina ukurasa. Ngozi nyembamba ya juu hukwanguliwa, lesa huchonga, na ngozi huota upya. Unavalishwa lenzi ya bandeji siku tatu hadi tano, maumivu ni makali siku mbili tatu za kwanza, na uoni huchukua wiki kadhaa kutulia. Kuna hatari ya ukungu kwenye konea, hasa kwa namba kubwa, ndiyo maana jua la Kisumu linahitaji miwani nyeusi inayozuia urujuanimno kwa miezi kadhaa. Mchezaji wa raga wa Nakuru au Kakamega, bondia, askari, au mtu mwenye konea nyembamba kiasi, aiulizie hii kwanza. Mimi nilichagua PRK kwa sababu natenganisha wavulana wanaopigana, na nimeshapigwa kiwiko zaidi ya mara moja.

SMILE hutoa kipande chembamba kupitia tundu dogo pembeni. Haina ukurasa mkubwa, lakini haifai kila namba.

Hatua ya 7: Zijue hatari kwa majina yao

Macho makavu ndiyo yanayokuja mara nyingi zaidi, kwa sababu mishipa ya fahamu ya konea hukatwa na jicho husahau kutoa machozi ya kutosha. Kwa wengi hupungua ndani ya miezi sita hadi mwaka. Wachache hubaki nayo, na wengine hupata maumivu ya mishipa yasiyoonekana kwa vipimo. Ukiwa tayari una macho makavu, yatibiwe kwanza.

Usiku, taa zinaweza kuota duara, miali au kivuli. Miezi mitatu ya kwanza kila matatu iliyonijia Kondele ilikuwa na jua lake dogo kila upande. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilifuatilia watu waliofanyiwa LASIK katika utafiti wa PROWL. Kati ya wale ambao kabla yake hawakuwa na usumbufu wa aina hii, hadi 46 kati ya 100 walikuwa na angalau dalili moja mpya ya kuona miezi mitatu baadaye, na takriban 3 kati ya 10 wa wasiokuwa na ukavu wakaupata. Zaidi ya 95 kati ya 100 waliridhika na uoni wao, na wasiofika 1 kati ya 100 ndio waliotatizwa sana na dalili hizo. Namba zote hizi ni za kweli kwa pamoja. Kliniki itakusomea ile ya 95. Kama unaendesha boda au lori usiku, ile ya 46 ndiyo ya kuijadili.

Zilizobaki ni nadra lakini nzito: maambukizi ya konea, ukurasa kukunjamana au kuvimba chini yake, na konea kutuna baadaye hata kwa mtu aliyeonekana sawa. Pia unaweza kurekebishwa pungufu au kupita kiasi, ukahitaji kurudiwa. Kurudiwa kunahitaji konea iliyobaki.

Hatua ya 8: Mhoji atakayekushika jicho

Jina lake litafute kwenye rejista ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, KMPDC, inayopatikana mtandaoni, uone kama leseni yake ya mwaka huu ipo. Awe daktari bingwa wa macho. Aliyekupima miwani dukani ana kazi yake muhimu, lakini si huyo. Omba mkutane kabla ya siku ya upasuaji. Ukikutana naye kwa mara ya kwanza umeshavaa gauni, umechelewa.

Muulize: umefanya njia hii kwa miaka mingapi? Mwaka huu umewakataa wagonjwa wa namna gani? (Asiyewahi kumkataa mtu, mkatae wewe.) Bei inajumuisha vipimo, matone, kurudi kuonwa na kurudiwa? Bima yangu inalipa nini? Majibu ya pesa yaandikwe.

Kwa sisi wa huku kuna swali la ziada. Mashine nyingi ziko Nairobi, na tatizo linaweza kukukuta Bondo saa nne usiku. Uliza: nikipata shida, nani ataniona karibu na kwetu? Pata jina na namba kabla hujalipa, iwe ni daktari wa macho wa hospitali ya rufaa ya Jaramogi, ile tuliyozoea kuiita Russia, wa hospitali ya Moi Eldoret, au wa kliniki unayoiamini.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Usijipake wanja, losheni ya uso wala manukato. Utakuwa macho, jicho litatiwa ganzi kwa matone na kushikiliwa wazi kwa kifaa kidogo. Kwenye LASIK utahisi mgandamizo na giza la muda. Kisha unakazia macho taa inayometameta. Mwale wenyewe ni chini ya dakika moja kwa jicho, na kuna harufu kama ya nywele zilizoungua. Usishtuke, na usizungumze. Mashine hufuata mwendo wa jicho, na ukiyumba sana husimama.

Usisafiri usiku uleule. Mimi nilikaa wiki moja kwa shangazi Kayole, na shemeji yangu, aliyekataliwa, ndiye aliyebaki akinidondoshea matone kila baada ya saa chache, akiandika saa kwenye daftari. Usiku wa pili niliona kama nimetiwa mchanga wa ziwa machoni. Niliomba yale matone ya ganzi. Alinikatalia kama alivyoagizwa, na alikuwa sahihi, kwani matone ya ganzi yakitumiwa nyumbani huharibu konea.

Hatua ya 10: Wiki za kwanza

Usisugue. Lala na ngao za plastiki juu ya macho siku walizokuambia. Maji ya bomba, mvua na hasa ya ziwa yasiingie, na usiogelee kwa angalau wiki mbili. Kaa mbali na moshi wa kuni, acha mwingine apike. Boda ngoja, na ukipanda vaa miwani ya kukinga vumbi. Nilirudi darasani baada ya wiki tatu, na kwa muhula mzima mwanafunzi ndiye aliyefuta ubao.

Matone ya antibayotiki na ya steroidi yafuate kama yalivyoandikwa na uyaache ulipoambiwa uache. Steroidi hupandisha presha ya jicho bila wewe kuhisi, kwa hiyo usiende kuongeza chupa kwenye duka la dawa kwa sababu "ilinisaidia". Maziwa ya mama na majani ya kienyeji yasikaribie jicho lililopasuliwa. Nenda kila siku ya kuonwa hata kama unaona vizuri.

Maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, jicho likawa jekundu zaidi, likatoa usaha, au uoni ukashuka, piga ile namba saa hiyohiyo, usingoje kukuche. Vivyo hivyo ukiona vimulimuli na vidoa vingi vya ghafla au pazia jeusi pembeni. Hiyo inaweza kuwa retina inayoachia. Asiyeona mbali ana jicho refu, na lesa haikulifupisha, hivyo hatari hiyo utaendelea kuwa nayo maisha yote na retina iendelee kukaguliwa.

Hatua ya 11: Hifadhi karatasi

Omba nakala ya vipimo vyote vya kabla na vya baada: namba ya miwani, unene, ramani, presha. Konea iliyochongwa hufanya kipimo cha presha ya jicho kisome chini kuliko ilivyo, na presha ya macho ni ugonjwa unaotupata sana sisi Waafrika. Na ukizeeka ukapata mtoto wa jicho, hesabu ya lenzi ya bandia itapotoka kama daktari hajui ulichongwa. Kliniki zinahama na kompyuta zinakufa. Zangu nimezipiga picha nikazituma kwa kaka, na za karatasi ziko kwenye bahasha moja na hati ya shamba. Ramani ya shemeji yangu bado iko ndani ya Biblia yake. Kila Desemba huitoa na kupanda basi kwenda kuilinganisha na mpya.